Gitaa la Dalali wa Mbuzi

Kitu cha kwanza nilichokigundua kwa Gelle Kerrow ni kwamba haamini kitu chochote mpaka akinyanyue. Ilikuwa siku ya wazazi shuleni kwetu, hapa mjini Garissa, muhula wa kwanza wa mwaka huu. Wazazi wengine walinisalimia, wakauliza habari za mabinti zao, wakaketi. Yeye alinipa mkono, akautazama mfuko wangu wa madaftari uliokuwa juu ya meza, akaunyanyua, akautikisa mara mbili, kisha akaurudisha mahali pake taratibu.

"Kilo saba na kitu," akasema. "Mwalimu, kila siku unatembea na mwanambuzi begani."

Jioni ile nilipita dukani, nikauweka mfuko kwenye mizani ya sukari. Kilo saba na robo.

Gelle ni dalali katika soko la mifugo. Husimama kati ya mwenye mbuzi na mwenye pesa, na kwa miaka thelathini amelishikilia neno moja tu: "Namjua." Katika soko lile mbuzi habadilishi mkono mpaka apatikane mtu anayejulikana wa kusema kwamba anamjua muuzaji, anajua alikotoka, na kwamba mnyama si wa wizi wala si mgonjwa. Mambo yakiharibika, watu hawaendi kwa muuzaji ambaye huenda yuko Habaswein au Banissa wakati huo. Huenda kwa aliyesema "Namjua". Gelle anapenda kusimulia kwamba hakuna aliyewahi kuubisha mlango wake kwa sababu hiyo.

Alizaliwa porini upande wa Ijara, katika ukoo wa wafugaji. Shule hakuiona. Akiwa kijana wa miaka kumi na minne alikuwa mmoja wa wale wanaosimama ndani ya kisima kirefu, kila mtu kwenye kipandio chake juu ya mwenzake, wakipokezana ndoo ya maji kutoka chini hadi kwenye birika la ngamia. Kazi hiyo haifanyiki kimya. Wa chini huimba mstari, wa juu humjibu, na ndoo hupanda kwa mapigo ya wimbo. Aliniambia kwamba ukikosea kujibu, ndoo inakuangukia, ndiyo maana mpaka leo anazikumbuka nyimbo zote. Ukame ulipowamaliza wanyama wa baba yake, alikuja Garissa na fimbo na shuka moja. Mto Tana aliuona siku hiyo kwa mara ya kwanza, akashangaa kuona maji mengi hivyo yanapita bila mtu kuyavuta.

Bintiye wa mwisho, Fathi, yuko kidato cha tatu. Mimi ni mwalimu mgeni wa Kiswahili, nimetoka chuo kikuu juzijuzi, na nilikabidhiwa chama cha muziki kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyekitaka. Nilimkuta Fathi tayari anapiga gitaa. Mwalimu wa fizikia alimfundisha kwa miaka miwili kwa gitaa lake mwenyewe, wakati wa mapumziko ya mchana, madirisha yote yakiwa wazi. Wimbo aliouingiza kwenye tamasha la muziki la kaunti aliutunga yeye. Mistari ni yake, lakini kiitikio amekichukua kwa baba yake: ni kile cha kisimani, ndoo inapopanda. Kwenye kaunti alikuwa wa kwanza.

Kisha mwalimu wa fizikia akahamishwa Makueni. Akaondoka na gitaa lake, kama ilivyo haki yake.

Mwalimu mkuu wetu ni mama mwenye msimamo. Aliniita Jumamosi asubuhi, akanieleza kwamba tamasha la kanda mwaka huu litafanyika hapahapa Garissa, na kwamba hatamwandika kwenye orodha mpigaji asiye na chombo. Mwaka uliopita shule ilimwandika mwanafunzi kwa matumaini, chombo kikakosekana, na watu wakacheka. Orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Fathi asipokuwa na gitaa kufikia saa hiyo, wimbo wake utaishia kwenye kaunti.

Nilimpelekea Gelle habari hizo sokoni. Alinisikiliza huku akimpapasa mbuzi uti wa mgongo. Akauliza gitaa ni sawa na mbuzi wangapi. Nikamwambia kwamba Nairobi magitaa mapya ya bei nafuu niliyoyaona ni kama mbuzi wawili wazuri. Alikuwa na ndafu mmoja nyumbani, aliyemnenepesha tangu mvua za mwisho. Hakuwa na mwingine.

Jirani mmoja alikuwa ameshamwambia kwamba nyuzi si kitu cha kumnunulia binti. Gelle alikwenda kuzungumza na maalim wake baada ya sala ya alasiri. Waliyoyasema hakunieleza, lakini kesho yake ndafu aliuzwa.

Mimi, kwa bidii yangu, nilimwonyesha kwenye simu picha za magitaa ya Nairobi. Nilikuwa nimekesha nikisoma maoni ya wateja. Aliitazama simu, akaitazama tena kwa mbali.

"Mwalimu, wewe umesoma," akasema. "Niambie, ni nani amewahi kununua mbuzi wa picha?"

Basi tukatafuta hapa mjini. Tukaambiwa kwamba katika Soko Mugdi yuko mtu aitwaye Mohamedamin, muuza redio, feni na pasi za mtumba, na kwamba katika mzigo wake wa mwisho yalitokea magitaa matatu ambayo hakuyaagiza. Jumatatu saa kumi jioni tukaenda. Nilipendekeza tumchukue Fathi, kwa kuwa ndiye anayejua kupiga. Gelle alikataa kabisa. Sokoni, alinieleza, mwenye hamu na kitu huachwa nyumbani, maana macho yake yanapandisha bei kabla mdomo haujafunguka. Badala yake alimchukua dalali mwenzake, Khalif, mtu mnene mwenye ndevu za hina, aliyekua pamoja na Mohamedamin mtaa mmoja. Khalif ndiye angesema "Namjua".

Soko Mugdi lina paa la mabati na maturubai, na vichochoro vyake vina giza hata jua likiwa kali. Magitaa yalining'inia juu ya feni. La kwanza lilikuwa jeusi, linang'aa kama kiatu cha harusi. La pili lilikuwa jekundu. La tatu lilikuwa la rangi ya mbao tupu, limekwaruzwa kifuani kama mnyama aliyepita kwenye ua wa miiba.

Gelle aliuliza yalikotoka. Mohamedamin akasema kwenye kontena. Gelle akauliza mmiliki wa kwanza alikuwa nani. Mohamedamin akasema mzungu fulani, Mungu amsaidie popote alipo. Gelle hakucheka. Alishusha gitaa moja baada ya jingine, akapitisha mkono chini ya tumbo la kila moja, akalinyanyua na kulipima kama anavyompima mbuzi. Lile la mbao tupu alilirudisha upesi.

"Hii imekonda," akasema.

Jeusi alilinyanyua mara tatu. Lilikuwa zito, limejaa mkononi. Alimtazama Khalif, Khalif akatikisa kichwa kukubali. Nikaulizwa mimi, na kwa aibu naandika kwamba mimi pia nilipendezwa na ule mng'aro.

Kabla ya kutoa pesa, Gelle aliweka sharti la siku tatu, kama wanavyofanya kwa mbuzi: ugonjwa ukijitokeza, mnyama anarudi. Mohamedamin aliweka kiganja usoni.

"Gelle, walaal, ndugu yangu, hii ni mbao. Haiharishi."

"Hakuna mbuzi aliyewahi kuniambia kwamba ataharisha," Gelle akajibu.

Khalif akashuhudia sharti, na tukaondoka na gitaa jeusi limefungwa ndani ya shuka.

Fathi alilipokea kwa mikono miwili. Alikaa kwenye mkeka, akakaza nyuzi moja moja, akasikiliza, akakaza tena. Kisha akapiga. Sauti ilitoka kama mtu anagonga godoro. Akapiga kwa nguvu zaidi, ikawa mtu anagonga godoro kwa nguvu zaidi. Nyuzi zilikuwa zimeinuka mbali na shingo, ikambidi azikandamize kwa nguvu zake zote, na kabla ya robo saa ncha za vidole vyake zilikuwa nyekundu. Hakulalamika. Alimshukuru baba yake, akasema atalizoea.

Gelle alivitazama vile vidole.

"Ni mgonjwa?" akauliza.

"Aabo, ni zito," Fathi akasema. "Mbao zake ni nene sana. Sauti inafia ndani. Gitaa zuri huwa jepesi, ukiligusa linatetemeka lote."

Gelle aliweka mkono wake wa kulia juu ya goti, kiganja juu, akiutazama kama mtu aliyefanya naye biashara na leo amemuuzia kitu kibovu. Mbuzi mzito ni nyama. Ng'ombe mzito ni nyama. Gunia zito ni sukari. Maisha yake yote uzito ulikuwa ukweli wenyewe, na sasa binti wa kidato cha tatu alikuwa akimwambia kwamba kipo kitu duniani ambacho wembamba ndio afya yake.

"Miaka thelathini," akasema, "mkono huu haujawahi kunidanganya." Halafu, kwa mshangao wangu, akaanza kucheka, na mkewe Sahro akatokea jikoni kuuliza kuna nini, naye akacheka kabla ya kuambiwa.

Jumanne alijiandikisha kuwa mwanafunzi wa bintiye. Fathi alimfundisha mambo mawili. La kwanza, shika gitaa kama bunduki, funga jicho moja, tazama shingo kutoka mwisho hadi mwisho uone kama imepinda. Hilo Gelle alilielewa kabla halijakwisha kusemwa, maana ndivyo anavyotazama mgongo wa ngamia. La pili, chukua sarafu mbili za shilingi kumi, zibandike pamoja, uzipitishe kati ya nyuzi na shingo pale inapokutana na tumbo. Zikipita bila kugusa chochote, nyuzi ziko juu mno. Akazifanyia mazoezi sarafu zake kwenye gitaa jeusi mpaka Sahro akamwambia alale.

Jumatano haikuwezekana kwenda popote. Jumatano ni siku ya soko, wanyama huja kutoka kila upande, na Gelle hajawahi kukosa Jumatano hata moja tangu aanze kazi, hata ile aliyozaliwa Fathi. Ikabaki Alhamisi, siku ya tatu ya sharti na ya mwisho kabla ya orodha kufungwa.

Safari hii alimchukua binti, lakini kwa namna yake. Jirani na meza ya Mohamedamin yuko mama anayeuza diraa, nguo zimening'inizwa mbele na pembeni kama mapazia. Fathi, amevaa jilbabu badala ya sare, aliingia nyuma ya nguo hizo kabla yetu, kama mteja yeyote. Waliafikiana kwamba akisikia gitaa zuri, atauliza bei ya diraa kwa sauti. Asipolisikia, atanyamaza.

Mohamedamin alipotuona na furushi alijifanya hatujui. Alisema gitaa limeshatumika siku tatu, litakuwa limechoka. Gelle hakubishana naye hata kidogo. Alimgeukia Khalif tu. Khalif akasafisha koo.

"Mohamedamin, ulikubali mbele yangu. Unataka kesho watu waje mlangoni kwangu kwa ajili ya mbao?"

Hilo lilitosha. Mohamedamin akashusha pumzi, akasema atalipokea jeusi, ila Gelle achague jingine, pesa hazirudi hivihivi. Gelle akaguna kama mtu anayeumwa jino, akamwomba ayapige yaliyobaki, tuyasikie.

Mohamedamin hajui kupiga. Alishika jekundu, akapitisha kidole gumba kwenye nyuzi. Nikatega sikio kwenye diraa. Kimya. Akapitisha tena. Kimya. Lilibaki moja tu, na lilikuwa lile lililokonda.

Akalishusha, akalifuta vumbi kwa mkono wa shati, akapitisha gumba.

Sijui niieleze vipi sauti ile. Ilitoka, ikaenea kichochoro kizima, ikakaa hewani. Muuza viatu wa upande wa pili aligeuka. Na kutoka nyuma ya nguo ikasikika sauti ya heshima:

"Mama, diraa hii bei gani?"

Mohamedamin akapitisha gumba mara ya pili.

"Na hii ya kijani?"

Mara ya tatu.

"Na ile ya juu kabisa?"

"Binti," mama wa diraa akasema, "unataka kununua au unanihesabia nguo?"

Uso wa Gelle haukubadilika hata kidogo. Alilichukua gitaa, akafumba jicho moja, akatazama shingo. Akatoa sarafu zake, akazibandika, akajaribu kuzipitisha, zikakwama. Akagonga tumbo kwa kifundo cha kidole, juu, katikati, chini, akisikiliza kama kuna ufa. Mwisho akashika vile vigingi sita vinavyokaza nyuzi, kimoja kimoja, na cha nne kikacheza.

"Jino limelegea," akasema kwa huzuni.

"Ni skrubu tu," Mohamedamin akasema.

"Kila mzee husema hivyo juu ya jino lake. Na hizi alama za kifuani? Huyu amepigwa."

Watu walikuwa wameanza kujaa. Habari kwamba dalali wa mbuzi ananunua gitaa zilikuwa zimeshatembea vichochoro vitatu. Mbele ya umati namna hiyo mtu wa soko la mifugo hataji bei. Gelle alivua shali yake begani, akaifunika mikono yao wawili, yake na ya Mohamedamin, na mazungumzo yakahamia kwenye vidole. Chini ya shali kidole kizima ni kiasi fulani, kiungo cha kidole ni nusu yake, na kiganja kikiminywa ni hapana. Tuliona tu nguo inapanda na kushuka. Mohamedamin alivuta mkono, haukuachiwa. Akatazama juu kwenye mabati. Akacheka peke yake. Akavuta tena kidogo, bila moyo. Hatimaye Khalif aliweka kiganja chake kizito juu ya shali, na biashara ikawa imefungwa.

Bei sijui mpaka leo. Ninachojua ni kwamba jeusi lilirudi juu ya feni, lililokonda likabaki kwapani mwa Gelle, na Mohamedamin akatoa noti kadhaa mfukoni kumrudishia. Gelle alipiga hatua mbili hadi kwenye zile nguo, akaziweka noti mkononi mwa mama wa diraa.

"Mpe ile ya juu kabisa," akasema. "Amekusumbua vya kutosha."

Fathi akatoka nyuma ya mapazia. Mohamedamin alimtazama, akamtazama baba yake, akalitazama gitaa, na tukaona hesabu inafika mahali pake usoni mwake.

"Gelle," akasema polepole, "umeniletea dalali aliyefichwa."

"Wewe uliniuzia godoro," Gelle akamjibu, na kichochoro kizima kikacheka, Mohamedamin mwenyewe akiongoza. Kisha akachukua bisibisi, akakikaza kigingi cha nne bila kuombwa.

Ijumaa saa tano asubuhi Fathi alisimama ofisini kwa mwalimu mkuu. Orodha ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Mwalimu mkuu alisema angependa kusikia kabla ya kuandika. Nilimwacha Gelle nje, kwenye kivuli cha tangi la maji, kwa sababu alisema ofisi zinambana.

Fathi akapiga. Ubeti wa kwanza ni wa msichana anayeamka alfajiri na madumu. Vidole vyake vilikwenda vilivyotaka, na kile chumba kidogo chenye makabati ya chuma kilijaa. Akafika kwenye kiitikio, akaimba mstari wa mtu wa chini kisimani, akaacha mapigo mawili wazi, kama alivyoutunga.

Na kutoka nje ya dirisha, kwa sauti nzito iliyokauka, mtu wa juu akamjibu.

Fathi hakusita. Aliimba mstari wa pili, akajibiwa. Wa tatu, akajibiwa. Nilichungulia dirishani. Gelle alikuwa amesimama juani, macho yamefumbwa, mikono yake miwili inapokea kitu kutoka chini na kukipitisha juu ya kichwa chake, kinashuka kitupu, kinapanda kimejaa. Sidhani kama alijua kwamba anaimba.

Wimbo ulipokwisha mwalimu mkuu aliuliza yule nje ni nani. Nikasema ni mzazi. Akaivuta orodha, akaliandika jina la Fathi Gelle Kerrow kwa wino, na kwenye safu ya chombo akaandika: gitaa, lake mwenyewe.

Leo ni Jumatatu, siku ya kumi tangu jina hilo liandikwe. Programu ya tamasha imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, na Fathi ni wa kumi na nne, saa nane mchana. Siku yenyewe ni keshokutwa, Jumatano. Nilidhani hilo litakuwa tatizo, nikaenda sokoni kumjulisha Gelle kwa upole. Alikuwa ameshajua. Madalali wamekubaliana kufungua biashara mara tu baada ya sala ya alfajiri ili wamalize mapema, na Khalif ndiye atakayewashikia wanyama waliobaki wale watakaotaka kwenda ukumbini. Mpaka jana jioni waliotaka kwenda walikuwa kumi na mmoja, na sasa Khalif analalamika kwamba yeye pia ana masikio. Mohamedamin ametuma ujumbe kwamba atafunga meza. Sahro ameshanyoosha diraa mpya mara mbili.

Gelle alikuwa na swali moja tu. Alinivuta kando, mbali na wenzake, akaniuliza kama kanuni zinamruhusu mtu aliyeketi kwenye viti kumjibu mwimbaji. Nikamweleza kwamba waamuzi huenda wakapunguza alama. Aliupapasa mgongo wa mbuzi wa mtu.

"Basi nitaufunga mdomo," akasema. "Lakini mwalimu, wewe kaa karibu nami."

Nimeshawaambia wanafunzi wangu wanihifadhie kiti cha pembeni yake.